Aliyekagua Michoro ya Nasike

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema hivi mapema ili usisome mpaka katikati ndipo uanze kunishangaa. Wengine huonea wivu jirani aliyejenga, au shemeji aliyeandikwa kazi benki. Mimi nilimwonea wivu mke wangu wa ndoa, Nasike, niliyemtoa kwao Kimilili kwaya ikiimba na wajomba wakibishana juu ya ng'ombe. Na usifikirie mambo ya wanaume. Huo wivu ningeuelewa, tena ningekuwa na mtu wa kupiga ngumi. Nilimwonea wivu kwa sababu ya kompyuta.

Jina langu ni Lazarus Nalianya na kazi yangu ni kuchora plani za nyumba. Nilijifunza kwa wasanifu wa Nairobi, nikawafanyia miaka tisa, halafu kampuni ikapunguza watu na mimi nikawa mmoja wao. Mwaka wa tisini na sita tukahamia Kitengela. Tukapanga nyumba Noonkopir, na nikafungua ofisi ya chumba kimoja kando ya barabara ya Namanga. Wakati huo kila mtu mwenye mshahara aliyechoka na landlord wa Nairobi alikuwa ananunua ploti huku, na kila mwenye ploti alihitaji plani ya kupeleka kaunsil ipitishwe. Alikuwa anaenda kwa nani? Alikuwa anakuja kwangu.

Na kazi nilikuwa naijua, wacha nijisifu kidogo. Nilichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukikosea, raba haisaidii. Unachukua wembe, unakwangua wino polepole, na mkono ukitetemeka tu karatasi inatoboka, unaanza upya kazi ya siku nne. Mimi sikuwa natetemeka. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kuniangalia nikivuta mstari, hata wale ambao hawakuwa na ploti.

Nasike alikaa meza ya pili. Alipokea wateja, akaandika barua, akapeleka michoro Nairobi kutolewa nakala. Mwaka wa elfu mbili na moja akaniomba ruhusa aende akasome kompyuta Jumamosi. Nikakubali haraka, nikidhani anaenda kujifunza kupiga chapa barua vizuri. Miezi sita baadaye akaja na cheti na disketi mbili ndani ya bahasha.

"Baba Morgan," akaniambia, "kuna programu ya kuchora nyumba."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Morgan, mtoto wetu wa kwanza, akaja kunipiga mgongo.

Kompyuta yenyewe iliingia ofisini mwaka wa elfu mbili na tatu. Na siku niliyoanza kuugua naikumbuka vizuri. Walikuja walimu watatu wa shule moja, walionunua ploti zilizopakana. Nilikuwa nimewachorea nyumba moja nzuri, vyumba vitatu, kwa kudhani wote watajenga hiyohiyo. Mwalimu wa kwanza akasema anataka veranda kubwa, kwa sababu mama yake atakuja kuishi naye na mama haketi ndani. Wa pili akataka jiko litazame lango. Wa tatu akataka chumba cha ziada, na paa lipandishwe, ati apate baridi. Nikawaambia kwa heshima kwamba hizo ni nyumba tatu tofauti, warudi baada ya wiki mbili.

Nasike akasema, "Hebu ngojeni kidogo."

Alikuwa amekwisha kuingiza mchoro wangu kwenye mashine. Mchoro wangu mimi! Akavuta ukuta wa veranda ukasogea, na dirisha likasogea nao, na paa likajirefusha lenyewe. Hesabu ya mawe na mabati pembeni ikabadilika bila mtu kushika kalamu. Kabla chai haijapoa kila mwalimu alikuwa na nyumba yake mwenyewe. Walipiga makofi, watu wazima, kama wako kwenye harusi. Wakati wa kutoka mmoja wao akanishika bega akaniambia, "Mzee, umebahatika. Mke kama huyu hapatikani."

Mzee! Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Kuanzia hapo wateja wakawa wanapita meza yangu kama wanapita kiti kitupu. "Mama wa kompyuta yuko?" Ndiyo salamu niliyokuwa napewa, ndani ya ofisi yenye jina langu mlangoni. Kanisani mchungaji akamsimamisha aombewe, kwa ajili ya kipawa. Mimi nikasema amina, meno yameshikana. Stima ikipotea nilikuwa naimba. Sikujua kwamba naimba mpaka Nasike aliponiuliza siku moja kwa nini huwa nafurahi stima ikienda, nikamwambia macho yangu yanapumzika na ule mwanga wa mashine.

Jambo moja tu lilibaki mkononi mwangu. Hakuna karatasi iliyotoka ofisini bila kukaguliwa, na mkaguzi nilikuwa mimi. Chini ya kila mchoro kulikuwa na visanduku viwili: imechorwa na nani, imekaguliwa na nani. Cha kwanza alijaza yeye. Cha pili nilitia sahihi mimi, baada ya kuipitia karatasi na kalamu nyekundu. Haki ya Mungu, ile kalamu niliitumia. Karatasi za Nasike zilikuwa zinarudi kwake kama zimechinjiwa kuku. Kosa likiwa la kweli, niliweka alama. Likiwa si kosa, niliweka alama pia. Yeye alisahihisha yote bila kunung'unika, akaniletea tena, akasimama kando ya meza akingoja. Sikuwahi kumwambia neno zuri hata moja. Nilikuwa namwambia, "Peleka," na anapeleka.

Basi mwaka wa elfu mbili na tano akaja Moses Sironka.

Sironka ni mfugaji wa Kimaasai wa kule mbele ya Isinya, ukielekea Kajiado. Alikuwa na ng'ombe wengi, ardhi kubwa na wake wawili. Mkubwa ni Naisenya, mdogo ni Soipan. Alitaka kuvunja nyumba za udongo na kuwajengea za mawe, kila mke na yake, ndani ya boma moja. Alikuja kwangu kwanza, na hilo nataka lijulikane, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimewachorea wazee wengi wa huko na nilijua mambo yao. Nilienda mpaka bomani, nikakaa, nikanywa chai ya maziwa matupu, nikapima kwa miguu na kwa kamba. Nikachora kwa penseli: lango upande wa kaskazini, nyumba ya Naisenya kulia ukiingia, ya Soipan kushoto. Kwao mke wa kwanza hukaa kulia kwa lango na wa pili kushoto. Huo si urembo. Mgeni akiingia anajua mwenye nyumba kubwa ni nani kabla hajasalimiwa.

Sironka akaja ofisini kuona. Macho yake yakaenda meza ya pili, ambako Nasike alikuwa anamzungushia nesi mmoja nyumba yake kwenye kioo cha kompyuta. Akavuta kiti. Akakaa huko saa nzima, mimi nimeshika penseli yangu.

"Bwana Nalianya," akasema, "hii yangu mpe mama aiweke kwa mashine. Na nikuambie kitu. Niko na ile shamba ya karibu na barabara. Nataka kujenga nyumba arobaini niuze, na kila mtu anayenunua achague vile anataka. Hizi mbili za wake zangu zikitoka vizuri, hiyo kazi yote ni ya mama."

Nyumba arobaini! Mimi kwa mkono, na kila moja tofauti, ningezimaliza nikiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Nasike aliinamisha kichwa akasema asante, lakini niliona mikono yake chini ya meza imeshikana kwa nguvu. Alikuwa anaitaka ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka.

Akaanza na wale wake wawili. Alienda bomani siku tatu akawauliza mmoja mmoja. Naisenya alitaka dirisha la chini, ili akiwa ameketi aone ndama. Alitaka jiko la kuni lenye bomba la moshi, na mlango mpana wa kupitisha madebe mawili ya maji kwa pamoja. Soipan alitaka sebule kubwa ya runinga na jiko la gesi. Nasike akachora nyumba mbili ambazo ukiziona kwa nje ni mapacha, na ndani kila moja ina mwenyewe. Hata madirisha yalipelekwa kwa fundi wa chuma na vipimo vyake, kila moja na namba. Ilikuwa kazi safi. Niliiona na tumbo likaniuma, kweli kabisa, nikanywa dawa ya vidonda.

Naisenya akasafiri kwenda Kimana, binti yake alikuwa amejifungua, akakaa huko muda wote wa ujenzi. Siku chache baadaye Sironka akapiga simu. Kaunsil ilikuwa imepanga barabara mpya ya murram kupita upande wa kusini wa boma, na yeye alitaka lori lake liingilie huko. "Mama, hamisha lango lije upande huu mwingine," akasema. Nasike akalihamisha. Nyumba akaziacha palepale zilipo, tangi la maji palepale, akaligeuza lango tu. Kwenye mashine ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili.

Sasa simama mlangoni kwako, unyooshe mkono wa kulia. Halafu zunguka uingilie mlango wa nyuma. Kitu kilichokuwa kulia kwako kimekuwa kushoto. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa lango jipya, Naisenya alikuwa amekuwa mke wa pili.

Nasike hakujua desturi ile. Yeye alijua watu wa mishahara na maghorofa yao madogo. Wafugaji walikuwa wangu. Sironka mwenyewe alipoonyeshwa karatasi alitazama tangi, akatazama njia ya lori, akaona nyumba ziko mahali walipokubaliana, akaridhika. Huyo ni mtu anayesoma mawingu, plani hasomi.

Mimi niliona. Niliona hata kabla sijafungua kalamu. Ilikuwa Alhamisi saa nane mchana, kuku wa jirani wamelala mlangoni, na Nasike amesimama kando ya meza yangu kama kawaida. Kalamu nyekundu iko mkononi. Alama moja tu, duara moja pale langoni, na maneno mawili: geuza pande. Dakika tano angekuwa amemaliza.

Nikafikiria zile nyumba arobaini. Nikafikiria makofi ya walimu. Kuna sauti ilikuwa inaniambia, mwache aanguke mara moja tu, aone kwamba mashine haijui watu. Mara moja tu, halafu atarudi kuniuliza, kama zamani. Nikafunga kalamu. Nikatia sahihi kwenye kisanduku changu.

"Iko sawa," nikasema.

Nasike hakuchukua karatasi. "Hakuna kitu?"

"Nimesema iko sawa, kwani unataka niandike nini?"

Akaitazama ile karatasi safi, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akatoka nje na simu yake. Nilidhani ameenda kumpigia Sironka.

Walijenga miezi mitano. Wakati wote huo barabara mpya ilikuwa bado haijakatwa, kwa hivyo mafundi, mawe, saruji, wageni, wote waliingilia lango la zamani, na kwa lango la zamani kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna aliyeona. Kila wiki nilijiambia nitasema. Walipochimba msingi nikasema nitasema kabla ya ukuta. Ukuta ulipofika linta, juu ya madirisha, nikasema sasa nimechelewa, nikisema wataniuliza nilikuwa wapi. Nasike alikuwa anaimba akiosha vyombo. Alikuwa ameanza kunikatia mkate kabla ya watoto, na kuniuliza maoni yangu juu ya mambo ambayo hayakunihusu. Mimi nilifikiri ni furaha ya kazi.

Lango jipya liliwekwa nguzo wiki ileile barabara ilipofunguliwa, na lile la zamani likazibwa kwa miiba. Siku ya pili yake Naisenya akarudi kutoka Kimana. Tulikuwa huko, mimi na Nasike, tumekuja kukabidhi. Akashuka kwenye gari la kubeba vitunguu, mwanamke mrefu mwenye shuka ya bluu, na sisi tukaenda kumsalimia.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Iko," akaitikia. Akapiga hatua moja ndani ya lango akasimama. Akatazama kulia, akaona nyumba yenye sebule kubwa na Soipan mlangoni. Akatazama kushoto, akaona dirisha lake la chini. Hakupiga kelele. Alivuta shuka mabegani, akarudi nje, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara na mizigo yake.

Soipan ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alishika mdomo, akatoka mbio kwenye ile nyumba kana kwamba imeshika moto, akaenda kuketi chini karibu na mwenzake. Ndipo Sironka naye akageuka, akatazama lango, akatazama nyumba, na uso wake ukabadilika.

"Ni nani amefanya hii?"

Nasike alikuwa bado haelewi. Ilibidi Sironka amweleze, kwa sauti ambayo mafundi wote walisikia. Hakukuwa na namna ya wale wanawake kubadilishana nyumba, kwa sababu kila moja ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mwenyewe, kuanzia mlango wa madebe mpaka bomba la moshi. Nasike alisimama pale juani.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilihamisha lango na sikuuliza. Mume wangu alikagua, na huyu kosa halimpiti. Ikiwa hakuliona, basi mashine ilibadilisha mchoro baadaye, au mimi niliharibu wakati wa kutoa nakala. Msimlaumu yeye."

Sironka akanigeukia. "Bwana Nalianya, wewe unajua mambo yetu. Hiyo karatasi ulipoiona, lango lilikuwa wapi?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Sikuliona lango. Labda lilikuwa bado halijawekwa."

"Basi mambo ya nyumba arobaini tuache," akasema Sironka, akaondoka.

Tulirudi Kitengela. Ofisini Nasike hakuwasha mashine. Alifungua kabati, akatoa ile karatasi yenyewe ya siku ile, akaitandaza juu ya meza yangu. Lango lilikuwa pale, limechorwa, kusini kabisa. Chini yake sahihi yangu.

"Baba Morgan, uliliona."

Nikaweka mkono juu ya sahihi yangu.

"Miaka miwili," akasema, "hujawahi kunirudishia karatasi bila alama. Hata ile ya choo cha shule uliiweka alama kumi na moja, nilihesabu. Halafu siku ile hukuweka hata nukta. Unajua nilienda wapi siku ile? Nilienda nje nikampigia mama yangu Kimilili. Nilimwambia, Mama, leo Nalianya amenikubali. Nililia kwa simu, mjinga mimi. Mama akaniambia nikupikie kuku. Na ulikula yule kuku."

Nilimkumbuka yule kuku. Nilikuwa nimemla mpaka mifupa, nikilalamika chumvi ni kidogo.

"Niliona wivu," nikasema. "Niliona wivu, Mama Morgan. Hiyo tu. Sina sababu nyingine."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari hata anirushie kile kioo cha kompyuta, mungu wa wembe na wino shahidi wangu. Yeye akakunja karatasi, pembe kwa pembe. "Kesho tunarudi bomani," akasema. "Utasema mwenyewe."

Nikasema mwenyewe. Nilisimama mbele ya Sironka na wake zake wawili, na wazee wawili wa ukoo walioitwa, nikasema niliona kosa nikalinyamazia ili mke wangu aaibike. Sironka akaanza kucheka, kicheko kibaya. "Mimi niko na wake wawili ndani ya boma moja," akasema, "na sijaona wivu kama ya huyu mwanaume mwenye mke mmoja!" Wazee nao wakacheka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Naisenya hakucheka. Alikuwa ameketi, shuka imefunika magoti.

"Mimi na Soipan ni miaka kumi na tisa," akasema. "Yeye ako na vijana wanne. Mimi niko na wasichana tu. Wivu naijua, nalala nayo, naamka nayo. Lakini ng'ombe yake ilianguka kwa mtaro mwaka ule wa mvua kubwa, na mimi niliiona wa kwanza. Nilipiga nduru mpaka watu wakakuja. Wewe ulinyamaza."

 

Yeye ndiye aliyekata shauri. Alisema hahami nyumba yenye dirisha lake, lango lirudi kaskazini lilikokuwa, na lori la Sironka lizunguke boma kama linavyozunguka milima. Sironka alibisha kidogo, akaacha. Nikapewa panga na jembe, nikang'oa miiba ya lango la zamani pamoja na mafundi. Wakati jua linaanza kushuka Naisenya aliingia kwa lango lake, akapinda kulia, akafunga mlango.

Kabla hatujaondoka Sironka alimwita Nasike kando, lakini hakupunguza sauti. "Mama, nimesema vibaya jana. Wewe ulisimama ukasema kosa ni lako, na halikuwa lako peke yako. Zile arobaini ni zako. Lakini zikaguliwe na mtu mwingine. Huyu hapana."

"Nimesikia," Nasike akasema.

Alimpata Mutindi, mama mmoja wa Athi River waliyesoma naye zile Jumamosi, naye akawa mkaguzi. Wanunuzi walikuja mmoja mmoja, wakaketi kando ya Nasike. Kuna askari aliyetaka dirisha dogo la kuchungulia lango. Kuna mwanamke aliyetaka mlango bila ngazi, kwa sababu ya baba yake wa kiti cha magurudumu. Kuna waliooana wiki ileile, waliogombana juu ya jiko mpaka Nasike akawachorea majiko mawili wachague, wakachagua la tatu. Nyumba arobaini, na hakuna mbili zinazofanana. Mimi nilikuwa nachemsha chai, napokea simu, napeleka disketi Nairobi. Nilikaa meza ya pili.

Sikulalamika. Nasike hakuninyima chakula, hakuninyima salamu, kanisani tulikaa benchi moja. Ila mkate alianza tena kuwakatia watoto kwanza.

Nyumba ya mwisho aliimaliza mwezi wa Novemba. Ilikuwa ya yatima watatu walionunuliwa ploti na mjomba wao, vyumba vitatu sawasawa ili wasigombane, vyote vikitazama ua mmoja. Nilikuwa nafuta vumbi wakati alipokuja akaiweka mbele yangu bila kusema kitu. Sijui kwa nini. Labda Mutindi alichelewa, labda alinihurumia. Mikono yangu ilitetemeka, mimi ambaye sikuwa natetemeka.

Niliikagua mchana wote. Nilipima kila ukuta, nikafungua kila mlango kichwani mwangu, nikaingilia mbele na nyuma. Nilisimama mahali pa kila mtoto. Nikatafuta kosa kwa nia njema safari hii, ili nimsaidie, na kosa halikuwepo. Wivu ulikuwepo, sitakudanganya, ulikuwa umekaa palepale tumboni. Lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho nilichotaka kumwambia tangu siku ya walimu.

"Mama Morgan," nikasema, "hii ni nzuri. Ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuchora mimi. Sijaona kosa hata moja."

"Asante, Baba Morgan," akasema.

Akaichukua mezani kwangu, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaenda kituoni kumpelekea Mutindi aikague.